Goti linaniua tangu nihamie resing. Hivi kufanyiwa fitingi ya baiskeli kuna maana, au ni biashara ya watu tu?

#1 Kiazi Mviringo

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Mbeya, Ilomba. Miaka 38, kilo 81, kazi ya kukaa ofisini. Miaka yote nimeendesha baiskeli ya gia ile ya tairi nene, kazini na kurudi, sikuwahi kulalamika. Mwezi wa tatu nikaokota resing ya mtumba Mwanjelwa, fremu ya chuma, nyepesi, usukani wa pembe za kondoo. Nikaipenda kama mtoto. Tangu hapo kila Jumapili natoka Ilomba, Uyole, Igawilo, napandisha hadi Isyonje, nageuza.

Wiki ya nne goti la kulia likaanza. Maumivu yapo mbele, chini kidogo ya pia ya goti. Nikipanda mlima linawaka. Kushuka ngazi za ofisini ndiyo balaa, nashuka ubavu ubavu nimeshika ukuta, mpaka mhudumu kaniuliza kama nilianguka.

Jamaa niliyesoma naye, sasa yupo Uholanzi, kaniuliza, "Ulifanyiwa fitingi?" Nikadhani anaongelea suti. Kumbe huko mtu anapelekwa kwa mtaalamu, anapandishwa baiskeli yake ikiwa imefungwa palepale haiendi, anapimwa pembe ya goti, kiuno, mabega, siti inasogezwa milimita kwa milimita. Saa mbili nzima! Nimecheka, ila goti halicheki.

Je, jambo hili lina maana kwa mtu wa huku kwetu? Na kama lipo, nani analifanya huku nyanda za juu kusini?

#2 Sioni Kona

Navuta kigoda.

#3 Mjukuu wa Phoenix

Mkuu umepigwa na wazungu ukiwa umekaa sebuleni kwako.

Babu yangu alibeba viazi kwa baiskeli ya Phoenix kutoka Isyonje hadi Uyole, gunia na nusu nyuma, miaka zaidi ya ishirini. Siti haikuwahi kusogezwa tangu itoke dukani, ilishashikana na kutu. Alikuwa anavaa kandambili. Hakuna aliyempima pembe ya goti. Amekufa na magoti yake mazima.

Leo mtu anaendesha Jumapili tu, mgongoni hana hata kilo moja ya mchele, anataka mtaalamu. Hilo si goti, hiyo ni ofisi. Punguza chipsi.

#4 Dada wa Gangilonga

Kamwene wote. Mjukuu, babu yako namheshimu, ila mleta mada kauliza swali la maana.

Mimi nipo Iringa. Mwaka juzi nilianza kufa ganzi vidole, kidole cha mwisho na cha pembeni yake, mikono yote miwili. Nikitoka Kihesa mpaka Ipogolo na kurudi, nashindwa kufunga kifungo cha blauzi. Nilijua ni kisukari, nikaenda kupima, hakuna. Nikapewa vidonge vya neva, nikavinywa mwezi mzima, ganzi ipo palepale.

Aliyenisaidia ni binti mmoja mgeni tuliyekutana tunapandisha ile kona ya kutoka Ipogolo kuja mjini. Akaangalia baiskeli yangu imeegeshwa, akasema siti yako imeinamisha pua chini. Kweli. Niliinamisha mwenyewe kwa sababu ilikuwa inanibana huku mbele (kina mama mnanielewa). Sasa siti ikiinama, mwili unateleza kwenda mbele muda wote, unajizuia kwa viganja. Kuna mshipa wa fahamu unapita pale chini ya kiganja upande wa kidole cha mwisho, ndio nilikuwa naukalia kwa uzito wa mwili mzima.

Nikalaza siti ikae sawa na ardhi, nikaweka siti pana zaidi nyuma. Wiki tatu ganzi ikaisha. Gharama: spana na siti ya mtumba. Hiyo nayo ni fitingi, hata kama hakuna aliyevaa koti jeupe.

#5 Sahani Ndogo

Wote mnazunguka mbuyu. Mleta mada, hesabu meno ya sahani zako za mbele, na sproketi (gurudumu la meno linaloshika mnyororo) kubwa kabisa ya nyuma, uje uandike hapa.

#6 Kiazi Mviringo

@Sahani Ndogo mbele 52 na 42. Nyuma kubwa ni 24.

@Dada wa Gangilonga asante. Vidole vyangu vipo sawa.

#7 Sahani Ndogo

Nilijua tu. Kaa chini nikupe hesabu.

42 kugawa 24 ni 1.75. Tairi la resing likizunguka mara moja ni kama mita 2.1. Kwa hiyo kila ukipiga pedeli mzunguko mmoja baiskeli inakwenda mita 3.7 hivi. Kule juu Igawilo unapanda kwa kilomita 10 kwa saa, kama una bahati. Hapo miguu inazunguka mara 45 kwa dakika. Arobaini na tano! Huendeshi baiskeli, unapandisha ngazi na mzigo.

Ile ya zamani ya tairi nene, nakuhakikishia ilikuwa na sahani ya mbele ya meno 28 na nyuma 28 au zaidi. Mwendo uleule, mlima uleule, miguu inazunguka mara 80. Kila pigo linakuwa na nguvu karibu nusu. Goti lako halina habari na siti, limechoka kubebeshwa. Tafuta nyuma yenye meno 28 walau, na ukiweza punguza mbele. Mada imefungwa.

#8 Hesabu Haidanganyi

Haijafungwa. Gia ni kweli, ila siti ndiyo msingi, na ina kanuni yake.

Unapima urefu wa mguu kwa ndani, kutoka kwenye kinena hadi chini, unazidisha kwa 0.883. Jibu ndio umbali kutoka katikati ya ekseli ya krenki (mikono ya pedeli) hadi juu ya siti, ukifuata mstari wa bomba la siti. Kanuni ya Greg LeMond, yule Mfaransa aliyebeba Tour de France mara tatu.

Kuna nyingine ya zamani zaidi, ya mwaka 1967, Waingereza Hamley na Thomas: zidisha kwa 1.09, unapata umbali kutoka pedeli ikiwa chini kabisa hadi juu ya siti. Zote mbili huishia karibu mulemule.

Mleta mada lete namba.

#9 Tai wa Kitonga

LeMond Mfaransa tangu lini? Ni Mmarekani. 1986, 1989 na 1990. Mfaransa ni kocha wake Cyrille Guimard, ndiye aliyekuwa na hiyo hesabu.

Na hiyo 1989 alimshinda Laurent Fignon kwa sekunde 8. Mashindano ya wiki tatu, kilomita zaidi ya elfu tatu, tofauti sekunde nane. Fignon ndiye Mfaransa, labda umechanganya hapo.

#10 Hesabu Haidanganyi

@Tai wa Kitonga nimekubali, kalamu iliteleza. Namba ni ileile lakini.

#11 Kiazi Mviringo

Nimepima. Nimechukua suruali yangu ya kazini, mshono wa ndani ni sentimita 78. Mara 0.883 ni 68.9. Siti yangu sasa hivi ni 69 kamili kwa futikamba. Kwa hiyo siti iko sahihi! Basi ni gia. Sahani Ndogo umeshinda.

#12 Cherehani Nne

Jamani jamani jamani.

Mimi siendeshi baiskeli, nimepita tu humu, ila hapa mmeingia kwenye uwanja wangu. Nina cherehani nne Kabwe, nashona suruali mwaka wa kumi na tisa.

Mshono wa ndani wa suruali si urefu wa mguu. Suruali inaishia juu ya kiatu, haifiki sakafuni. Juu nako kuna nafasi, kitambaa hakijakubana kwenye kinena, kinaning'inia, hasa hizi suruali za ofisini za wanaume wenye kitambi. Mtu mwenye mshono wa 78 mguu wake ni 83, 84, 85. Mkikata siti kwa kipimo cha suruali mtamlemaza mtu.

Simama ukutani peku, miguu imeachana kama shubiri. Chukua kitabu kigumu, kipandishe katikati ya miguu mpaka kikubane kweli, si kwa haya haya. Mtu mwingine apige alama ukutani juu ya kitabu. Pima mara tatu.

#13 Sioni Kona

Fundi cherehani ndiye kaokoa jahazi. Nasogeza kigoda mbele.

#14 Kiazi Mviringo

Nimepima na kamusi. Mke wangu ndiye kapiga alama, kacheka mpaka mtoto kaamka.

84. Mara tatu zote, 84, 84, 83.8.

84 mara 0.883 ni 74.2. Siti ipo 69.

Wakuu, sentimita tano!

#15 Mjukuu wa Phoenix

Siti iko chini sentimita tano na mwezi mzima hukuona? Ulikuwa unaendesha kama chura.

#16 Viungo Salama

Habari zenu. Nafanya kazi ya fiziotherapia, kituo sikitaji.

Kiazi, kabla hujashika spana soma hapa mpaka mwisho.

Siti ikiwa chini, goti linakunjwa sana pedeli ikiwa juu, halafu hapohapo unasukuma. Pia ya goti inakandamizwa kwenye mfupa wa paja, na mshipi ulio chini yake unavutwa. Maumivu ya mbele. Siti ikiwa juu mno, mguu unanyooka kupita kiasi na unavuta nyuma ya goti, na nyonga zinayumba kushoto kulia kutafuta pedeli. Kwa hiyo dalili zako zinaendana na siti ya chini. Nasema zinaendana, sijasema ndiyo sababu. Gia nzito inaleta maumivu mahali palepale. Kuongeza mwendo ghafla pia. Umetoka kwenda kazini na kurudi, ukaingia mlima wa Isyonje kila wiki, hakuna goti ambalo halitauliza swali.

Zile kanuni mbili ni mahali pa kuanzia tu. Hazijui unene wa soli yako wala urefu wa unyayo wako. Kipimo ninachokiamini zaidi ni pembe: pedeli ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjwa kidogo, nyuzi 25 hadi 35. Bandika vipande vya plasta nyongani, pembeni ya goti na kwenye kifundo, weka simu juu ya stuli kimo cha goti, mtu akurekodi kwa ubavu ukiendesha, kisha simamisha picha. Na umrekodi mtu akiwa anazungusha, siyo amesimama, maana akiwa kwenye mwendo goti hukunjika zaidi kidogo.

Usipandishe sentimita tano kwa siku moja. Milimita tano, endesha siku mbili tatu, tena milimita tano. Misuli na mishipa imeshazoea urefu wa zamani.

Na goti likivimba, likigoma kunyooka, au likikuuma usiku umelala, achana na uzi huu uende hospitali.

#17 Kiazi Mviringo

Asante sana daktari. Tatizo nimeshapandisha tano zote jana.

#18 Viungo Salama

Mimi si daktari, na nimeshaweka simu chini.

#19 Kiazi Mviringo

Mrejesho baada ya siku tatu. Mbele ya goti nafuu kubwa, ngazi nashuka kama binadamu. Ila sasa nyuma ya goti panavuta, na huku kwenye kinena pamechubuka. Mke wangu aliniangalia kwa nyuma nikiondoka akasema nakata mauno.

#20 Dada wa Gangilonga

Hayo mauno ndiyo aliyosema Viungo Salama, nyonga zinayumba. Shusha kidogo kaka. Unavaa kiatu gani?

#21 Kiazi Mviringo

Raba za kukimbilia. Soli nene, laini.

#22 Hesabu Haidanganyi

Hapo jibu lipo. Soli nene inakuinua wewe kwenye pedeli, kwa hiyo kinadharia siti ingepanda zaidi, lakini ni laini, inabonyea ukisukuma, kwa hiyo inakurudisha chini. Chukua wastani.

#23 Tai wa Kitonga

"Chukua wastani." Hesabu Haidanganyi ameanza kudanganya.

#24 Spoku Thelathini na Sita

Nimesoma wote kuanzia mwanzo. Mimi ni fundi baiskeli, nipo jirani na huyo wa cherehani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la kwanza la fundi: siti ilikuwa 69 siku unanunua, au ilishuka yenyewe?

Hizi resing za mitumba zikifika huku bomba la siti la asili mara nyingi limeshachomolewa, anayeuza anachomeka lolote linaloingia. Fremu inataka unene wa milimita 27.2, anaweka 27.0. Kwa macho huoni. Unakaza, linashika. Ukikutana na matuta ya Uyole linashuka nywele moja, nywele moja. Baada ya mwezi umekaa chini na hujui.

Chukua rangi ya kucha ya mama watoto, piga mstari pale bomba linapoingia kwenye fremu. Endesha wiki. Mstari ukizama, jibu unalo.

Na kwa nini goti la kulia tu? Siti ikiwa chini iko chini kwa miguu yote miwili. Lete hiyo baiskeli niizungushe pedeli kwa mkono.

#25 Sioni Kona

Hilo swali la goti moja limenipita kabisa. Umetisha fundi.

#26 Mjukuu wa Phoenix

Mguu mmoja mfupi. Watu wengi wanao. Hata suruali zinaonyesha, muulizeni Cherehani.

#27 Cherehani Nne

Kweli. Katika wateja kumi, wawili watatu ukikunja pindo sawasawa, wakivaa upande mmoja unagusa chini. Lakini si lazima mguu uwe mfupi, wengine wanasimama wameegemea upande mmoja tu. Na wanaoweka pochi nene mfuko wa nyuma.

#28 Mzee wa Keria

Wanangu, salaam. Kijana wangu ndiye ananisomea na kuniandikia.

Nimesikia habari za babu wa huyu Mjukuu. Mimi ni wa biashara hiyohiyo, viazi na mkaa, miaka ya themanini, barabara hiyohiyo. Niseme mambo mawili.

La kwanza, mlima hatukuendesha. Tulisukuma. Mtu na gunia na nusu nyuma hapandi mlima akiwa amekaa, atafia hapo. Unashuka, unaegemeza kifua kwenye siti, mkono mmoja usukani mmoja kwenye gunia, unatembea. Tunapanda kwenye tambarare na mteremko tu, na mteremko breki ilikuwa kandambili kwenye tairi la nyuma. Kwa hiyo huwezi kulinganisha goti langu na la huyo kijana anayekaza pedeli Igawilo hadi Isyonje bila kushuka.

La pili, si kweli kwamba hatukuumia. Wenzangu wengi waliacha. Mwenye mgongo alirudi shambani, mwenye goti akafungua genge. Mlituona sisi tuliobaki barabarani mkasema hawa wazee ni wazima.

Mimi mwenyewe goti la kushoto linatabiri mvua.

#29 Dada wa Gangilonga

Shikamoo mzee. Asante kwa hilo la pili hasa.

#30 Mjukuu wa Phoenix

Shikamoo mzee. Babu yangu sikumwona akisukuma lakini.

#31 Mzee wa Keria

Marahaba. Ulikuwa umezaliwa?

#32 Sioni Kona

😂😂😂 Uzi umeniua.

#33 Mpanda Kawetere

Nyie mnasahau baridi. Mwezi wa sita na wa saba Mbeya, saa kumi na mbili asubuhi, mtu anatoka na kaptula anaingia mlimani moja kwa moja. Mimi njia yangu ni ya Chunya, napandisha Kawetere. Nikitoka bila kufunika magoti jioni nalia. Nikivaa soksi ndefu nilizokata unyayo, siku nzima safi. Siti haijaguswa.

#34 Viungo Salama

Baridi hailetei goti ugonjwa, ila misuli baridi na mlima wa ghafla ni mchanganyiko mbaya. Zungusha gia nyepesi dakika kumi na tano tambarare kabla ya kupanda. Soksi endelea nazo, hazina ubaya.

#35 Mpanda Kawetere

Kwa hiyo nimeshinda nusu.

#36 Tai wa Kitonga

Kwa wanaodhani kuna kipimo kimoja cha milele: Eddy Merckx, bingwa wa Tour mara tano, alianguka vibaya Blois mwaka 1969, akaumia mgongo na nyonga. Tangu hapo alikuwa anabadilisha kimo cha siti kila wakati, hata katikati ya mashindano. Mtu yule alikuwa na makanika wote wa dunia na bado hakupata namba ya kukaa nayo.

#37 Hesabu Haidanganyi

Hilo linaonyesha alihitaji kupimwa zaidi.

#38 Mjukuu wa Phoenix

Au linaonyesha alihitaji kuacha kupimwa.

#39 Kiazi Mviringo

Wakuu, nimetoka Kabwe kwa fundi Spoku. Nawaandikia kama nilivyoona.

Kwanza, bomba. Alilichomoa, lilikuwa na mikwaruzo mirefu ya kuteleza, kama mtu aliyeburutwa kwenye lami. Akalipima kwa kipimo chake cha chuma: 27.0. Fremu 27.2. Akakata kopo tupu la soda kwa mkasi wa bati, upana wa vidole vitatu, akalisugua kingo kwa msasa zisikate, akalizungushia bomba mara moja tu, akachomeka taratibu huku analizungusha. Liliingia kwa kubana, na sauti ile ya chuma kinacholalamika. Akakaza. Nikakaa mimi na yeye wote wawili juu ya baiskeli, halikushuka. Kaniambia ukuta wa kopo ni kama sehemu ya kumi ya milimita, ukizungushia mara moja unapata kote kote ile mbili inayopungua.

Pili, pedeli ya kulia. Aliizungusha kwa mkono taratibu, akaniambia weka kidole hapa ukingoni usikitoe. Kidole kikawa kinapanda na kushuka. Ekseli ya pedeli imepinda kidogo, mwenye baiskeli wa kwanza huko ilikotoka aliangukia upande huo. Kwa hiyo kila mzunguko unyayo wangu ulikuwa unapindishwa nje ndani, nje ndani. Kabadilisha pedeli zote mbili.

Tatu, siti tumeiweka 73.2 badala ya 74.2, kwa sababu ya hayo mauno. Kijana wake alinirekodi na plasta tatu kama alivyoelekeza Viungo Salama, pembe ikatoka kama nyuzi 31.

Gia bado, ile ya meno 28 hakuwa nayo.

#40 Spoku Thelathini na Sita

Na rangi ya kucha nimepiga mimi mwenyewe, nyekundu. Usiifute.

#41 Sahani Ndogo

Mmefanya yote isipokuwa lile nililosema mimi #7. Sawa. Tutaonana Igawilo.

#42 Viungo Salama

Vizuri, ila angalia: umebadilisha siti, bomba na pedeli siku moja. Ukipona hutajua kipi kimekuponya, na likirudi hutajua kipi kimerudi. Walau sasa usiguse kitu wiki mbili.

Halafu nikuulize, maana tulipaswa kuanza hapa. Hilo goti la kulia liliwahi kuumia zamani?

#43 Kiazi Mviringo

Aa… 2019 nilianguka na bodaboda pale Mafiati. Nilitembelea gongo wiki tatu.

#44 Dada wa Gangilonga

KAKA.

#45 Tai wa Kitonga

Post ya 43 ndiyo anatuambia. Mleta mada ufungiwe.

#46 Mjukuu wa Phoenix

Nilisema mimi si baiskeli.

#47 Sahani Ndogo

Ulisema chipsi.

#48 Kiazi Mviringo

Jamani lilipona kabisa, miaka yote nimeendesha ile ya tairi nene bila shida, ndiyo maana sikulitaja.

#49 Viungo Salama

Lilipona kwa kazi ile uliyokuwa unalipatia. Misuli ya paja upande ulioumia mara nyingi hubaki imepungua, mtu hajui mpaka aidai. Chukua futikamba, pima mzunguko wa mapaja yote mawili, vidole vinane juu ya pia ya goti.

#50 Kiazi Mviringo

Kushoto 51, kulia 49.5.

#51 Hesabu Haidanganyi

Tofauti ya karibu asilimia 3.

#52 Cherehani Nne

Na mimi nimekuwa nikiwalaumu wateja.

#53 Mpanda Kawetere

Tukirudi kwenye swali la msingi, mtu anayefanya fitingi ya kitaalamu huku Mbeya au Iringa yupo au hayupo? Post hamsini hakuna aliyejibu.

#54 Dada wa Gangilonga

Iringa sijakutana naye. Nilichoona ni watu wanaojirekodi wenyewe na kupeana picha kwenye simu. Mimi siti mpya niliichagua kwa kukalia boksi: unachukua kipande cha boksi la mawimbi, unakiweka juu ya kigoda kigumu, unakalia umeinama kidogo, mifupa miwili ya makalio inaacha mashimo. Unapima katikati ya shimo moja hadi lingine. Yangu 13. Hapo unajua siti iwe pana kiasi gani nyuma.

#55 Sioni Kona

Mimi nilikuwa na kigoda tayari. Yangu 11.5.

#56 Spoku Thelathini na Sita

Mtaalamu wa cheti sina habari naye. Kabwe kuna mimi, kijana mwenye simu, na wa cherehani wa kupima mguu. Tangu jana kuna watu wawili wamekuja wanataka "ile ya kopo". Mmoja bomba lake linabana sawasawa, halitikisiki, nimemwambia huna shida mkuu, kasema niweke tu.

#57 Kiazi Mviringo

Jumapili nilikuwa niende Isyonje kuwaletea majibu, ikanyesha tangu alfajiri. Nimeishia Igawilo, chai ya tangawizi, nikarudi. Goti kimya, lakini mlima wenyewe sikuufika.

#58 Mzee wa Keria

Langu liliniambia Jumamosi jioni. Ungeniuliza.